Watu wa handaki moja

Saa sita usiku wa kuamkia Julai 25, mwenge wa kumbukumbu huwashwa kwenye mnara wa mashujaa. Huwaka usiku huo na mchana wake wote, na saa sita usiku inayofuata huzimwa. Katikati hapo ndipo linapopita lile gwaride tunalolijua kwa televisheni: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi anaweka sime, wengine wanafuata na upinde na mshale, shoka, shada la maua. Tarumbeta inalia. Viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa imani yake. Kwa miaka mingi wakazi wa Dar es Salaam waliyaona haya Mnazi Mmoja. Siku hizi shughuli kubwa imehamia Dodoma, kwenye mji wa serikali wa Mtumba.

Ni shughuli ya heshima, na sina nia ya kuitia kasoro. Lakini ukitaka kujua kumbukumbu ya vita inaishi wapi, achana na anayeweka sime. Tazama viti vya pembeni, walipo wazee wenye nishani kifuani na makoti yanayowapwaya, hasa dakika chache baada ya misafara ya wakubwa kuondoka. Hapo ndipo wanapoanza kutafutana. Habari za waliojitoa mhanga wameshazisikia jukwaani. Wao wanaulizana habari za fulani wa Tabora aliyekuwa akikoroma mpaka sajini akamhamisha handaki, za fulani aliyepata kuku Masaka akamla peke yake gizani, za dereva aliyepewa lori naye hajui kurudi nyuma. Wanacheka mpaka wanakohoa. Kisha mmoja anaulizia jina jingine, na jibu lake linakuwa fupi.

Serikali inaweza kujenga mnara, na imejenga. Jina la utani la mtu, alivyotembea, alichokiogopa, wimbo aliokuwa akiuharibu kila jioni, hayo yamo vichwani mwa waliolala naye handaki moja. Vichwa hivyo vinapungua kila mwaka, na sijaona ofisi yoyote yenye haraka ya kuvisikiliza.

Wengi wa wazee hao ni wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakalikalia eneo la kaskazini ya Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalieleza taifa kuwa sababu ya kumpiga nduli ipo, nia ipo na uwezo upo. Jeshi ambalo halikufika watu 40,000 likatanuka ndani ya miezi michache hadi kupita 100,000. Walichukuliwa vijana wa JKT, polisi, askari magereza, na mgambo kwa maelfu, watu ambao msimu uliotangulia walikuwa wakipalilia mahindi. Januari 1979 wakaitwaa Mutukula. Februari wakapita milima ya Simba hadi Masaka. Machi ikawa Lukaya, Aprili 11 Kampala, na Juni 3 wakafika mpaka wa Sudan.

Hivyo ndivyo vita inavyosimuliwa vitabuni. Waliokuwamo wanaisimulia kwa miguu. Jeshi letu lilikwenda Uganda kwa kutembea zaidi kuliko kwa magari, na mtu aliyetoka Kyaka akafika Jinja, na mwingine akaendelea mpaka West Nile, huku amebeba bunduki yake, risasi zake na sehemu ya mzigo wa mwenzake, anaijua vita hiyo kwa nyayo kabla ya kuijua kwa kitu kingine. Ukimwuliza habari za Lukaya atakupa maneno machache. Ukimwuliza habari za buti utakaa naye mpaka magharibi. Atakueleza buti zilizochanika ubavuni, malengelenge, mvua za masika, na namna mwenye soksi mbili alivyokuwa tajiri.

Kwa nini Lukaya maneno machache? Kwa sababu Lukaya kulikuwa na kitu ambacho hakisemwi mbele ya wageni. Machi 10 Brigedi ya 201, ambayo sehemu kubwa ilikuwa mgambo, ilikuwa ikisonga kwenye barabara inayopita kinamasini. Ikapigwa na maroketi ya Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Watu ambao hawajawahi kusikia sauti kama ile walitawanyika. Walikimbia, kama ambavyo mimi ningekimbia na wewe ungekimbia. Usiku ule na siku iliyofuata wakakusanywa upya, Brigedi ya 208 ikazunguka kutokea kaskazini-magharibi na kuikata barabara ya Kampala, na mapigano yakageuka. Ulikuwa ushindi mkubwa, labda mkubwa kuliko wote wa vita ile. Lakini mzee aliyekimbia saa tatu usiku akarudi alfajiri anajua nani alimwona akikimbia. Na yule aliyemwona hajawahi kumtaja, si kwa mkewe, si baada ya chupa ya tatu. Undugu wa vita hutajwa sana kuwa ni kufa pamoja. Upande wake usiotajwa ni huu wa kufichiana.

Ndiyo maana wakati mwingine mtoto wa askari anaijua vita ya baba yake kidogo kuliko muuza duka aliyekuwa naye kombania moja. Watoto wanapata hadithi iliyopigwa pasi. Mwenzake ana ile yenye mikunjo.

Majina ya utani ni sehemu ya siri hizo, ingawa ya makamanda yalivuja hadi magazetini. David Musuguri aliitwa Jenerali Mutukula. Silas Mayunga alikuwa Mti Mkavu. John Walden alijulikana kama Black Mamba. Waganda nao walikuwa na yao: wanajeshi wetu waliitwa bakombozi, na mizinga yetu ya maroketi ikaitwa Saba Saba, kana kwamba ni sikukuu iliyokuja na moshi. Chini ya majina hayo makubwa yalikuwapo maelfu ya majina madogo, la mpishi, la mtu wa redio, la kuruta aliyelia siku ya kwanza, na hayo hayakuandikwa popote.

Musuguri mwenyewe ndiye aliyeunganisha vizazi viwili vya wazee hawa. Alizaliwa Butiama mwaka 1920, akaingia King's African Rifles, Keya kwa wenyewe, mwaka 1942, akapelekwa Madagaska. Miaka 37 baadaye akaongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, na baada ya hapo akawa Mkuu wa Majeshi hadi 1988. Alifariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104. Sasa angalia aliopambana nao na aliopambana upande mmoja nao. Idi Amin alijiunga na Keya mwaka 1946. Tito Okello, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Waganda waliopigana bega kwa bega na Watanzania, alikuwa ameingia jeshi lilelile kabla yao wote wawili. Walifundishwa kwata na Waingereza walewale, wakazoea amri zilezile. Undugu wa jeshi haumzuii mtu kuwa adui wa mwenzake kesho, na wazee wa Keya waliijua hali hiyo mapema kuliko wengi.

Keya walikuwa watu wa aina yao. Katika Vita Kuu ya Pili Tanganyika ilitoa askari kama 87,000, na Kenya karibu 100,000. Wapo waliopigana Ethiopia, wapo waliokwenda Madagaska, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa kichwa cha kifaru begani, ikaingia bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika ya kule, kwenye matope, malaria na ruba. Desemba 2 waliitwaa Kalewa, kando ya mto Chindwin. Mmakonde, Mkamba, Mnandi, Mwacholi na Myao walilala hema moja wakizungumza Kiswahili cha kambini, na lilikuwapo hata gazeti la kijeshi la Kiswahili lililoitwa Heshima. Wengi wao Kiswahili hawakukikuta nyumbani. Walikikuta jeshini, na walirudi nacho vijijini pamoja na tabia ya kunywa chai.

Wapo ambao hawakufika hata huko. Mwanzoni mwa Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Wajapani ikaipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiotosha kufunga kamba za kiatu. Kisha likaja lile ambalo walionusurika hawakulizungumza kwa urahisi: manowari za Waingereza, zikiiwinda nyambizi iliyojificha chini ya waliokuwa wakielea, zikatupa mabomu ya kina katikati yao. Walikufa watu 1,297. Walionusurika hawakufika 220.

Fikiria maana yake kwa kikosi. Rejimenti inapopoteza watu kumi, wengine wanabaki kuwasimulia. Rejimenti inapokwisha kwa dakika mbili, wasimulizi wamekwenda pamoja na wanaosimuliwa. Majina yapo kwenye ukuta wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, na ni majina mengi, yamechongwa vizuri. Lakini aliyekuwa akikoroma ni yupi?

Waliorudi kutoka Burma hawakupokewa kama walivyotarajia. Kiinua mgongo kilihesabiwa kwa cheo na kwa rangi ya ngozi, na nyaraka zilizotolewa hadharani mwaka 2019 zilionyesha askari mweusi wakati mwingine alilipwa theluthi moja tu ya alicholipwa mzungu wa cheo kilekile. Kenya palikuwa na balaa jingine. Vita vya Mau Mau vilipoanza, nishani ya Mwingereza ikawa kitu cha kumtia mtu mashakani, na wapo waliozitupa au kuzifukia. Upande wa pili wa msitu walikuwamo watu wa Burma vilevile: Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa Keya, na ujuzi aliofundishwa dhidi ya Wajapani aliutumia dhidi ya waliomfundisha. Novemba 2023, Mfalme Charles alipozuru Nairobi, wazee wachache walikabidhiwa nishani mpya badala ya zile za zamani. Karibu miaka 80 ilikuwa imepita. Sijui niite heshima au kejeli; labda vyote viwili vilisimama kwenye mstari mmoja siku ile.

Katikati ya hayo yote walijishika wenyewe. Tanzania Legion upande wetu, KAFOCA upande wa Kenya, ambayo sasa inaitwa DEFOCA, na MUWAWATA kwa wastaafu wa JWTZ. Mbele ya umma ni vyama vyenye katiba, mihuri na mwenyekiti. Kwa ndani ni mahali pa kuchangiana matibabu, kusomeana barua za pensheni, na kuhakikisha msiba wa mwenzao haupiti kimya. Afisa mkubwa akifa kuna jeneza juu ya gari la jeshi na mizinga. Mgambo aliyerudi kijijini mwaka 1979, akakabidhi bunduki na kurudia jembe wakati nchi nzima ikiambiwa ifunge mikanda kwa miezi 18, msiba wake una turubai na wazee watatu au wanne waliokuja kwa bodaboda. Wanasimama karibu na kaburi kwa mstari ulionyooka kuliko migongo yao inavyoruhusu. Waombolezaji wengine hawajui ni nini hicho. Wao wanajua.

Lipo simulizi linalorudiwa kuhusu askari wa zamani zaidi, wale wa Wajerumani. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo wazee waliobaki wa jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Vita Kuu ya Kwanza. Inasemekana walikusanyika Mwanza wazee kama 350, wachache tu wakiwa na hati. Mlipaji, akiwa hana namna ya kumjua askari wa kweli, akamkabidhi kila mzee ufagio na kumpa amri za kwata kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Miaka 46 baada ya vita mwili ulikuwa bado unakumbuka.

Ninalipenda simulizi hili, na pia linanikera. Linapendwa Ulaya kwa sababu linamfurahisha aliyekuwa bwana: tazama walivyokuwa waaminifu. Von Lettow alipozuru Dar es Salaam mwaka 1953 wazee walimpokea kwa nyimbo, na alipozikwa 1964 wawili walipelekwa Ujerumani kumsindikiza. Huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba ombasha na shaushi wa jeshi hilo, wengine wao walewale au baba zao, ndio waliotumika kuwazima Majimaji kuanzia 1905, vita ambavyo pamoja na njaa iliyofuata viliua watu wa kusini kwa makumi ya maelfu. Songea kila Februari wanakumbukwa walionyongwa 1906. Walionyonga pia walikuwa na wenzao, na nyimbo zao, na mzaha wao wa handakini. Usuhuba haumfanyi mtu kuwa mwema. Unamfanya asahaulike kwa shida zaidi.

Waliosahauliwa kwa urahisi ni wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza peke yao walichukua watu karibu milioni moja kubeba mizigo ya jeshi katika Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa kuhara, njaa na homa, wanakadiriwa kukaribia au kupita 95,000. Hawakuwa na rejimenti wala bendera, wala chama cha kukutana mara moja kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakuu wa serikali ya kikoloni Tanganyika waliona afadhali makaburi yao yaachwe yarudie kuwa pori, na mengi yakarudia. Kwa heshima ya wote ikawekwa sanamu ya askari pale katikati ya Dar es Salaam, mwaka 1927, mtu wa shaba na bunduki yake, bila jina la mtu yeyote. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, na ikaomba radhi. Orodha nyingine zinatafutwa sasa kwenye daftari za zamani za mishahara. Mtu aliyebeba kasha la risasi kutoka Kilwa hadi mto Rufiji anaweza kupatikana kwa sababu karani fulani aliandika deni lake.

Kwa waliokufa Kagera serikali ilifanya vizuri zaidi. Kaboya, wilayani Muleba, yapo makaburi ya mamia ya wanajeshi wetu, yamepangwa kwa safu, na mnara mweupe wenye majina. Ila Kaboya ni mbali. Kwa mama wa Newala au Tunduru aliyempeleka mwanawe mwaka 1978, kaburi hilo liko upande wa pili wa nchi, na wengi wa mama hao wamekufa bila kulishika kwa mkono. Walichokuwa nacho ni mwenzake marehemu, kama alikuwapo, aliyekuja siku moja akaketi ukumbini, akasema alifia wapi na kama aliteseka. Mara nyingi alisema hakuteseka.

Baada ya Kagera wamekufa wengine. Usiku wa Desemba 7, 2017 waasi wa ADF waliishambulia kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, huko Kongo, na Watanzania 14 wa kikosi cha kulinda amani wakauawa. Wa 15 aliongezeka baadaye katika hesabu. Miili iliagwa Upanga, Dar es Salaam, majina yakasomwa, kisha kila jeneza likaenda kwao, mengine bara, mengine Zanzibar. Hilo ni badiliko kubwa kutoka kwa mpagazi wa Rufiji. Waliokuwa nao usiku ule leo ni watu wa makamo, wengi bado wako kazini. Hawana chama cha wazee; wana kundi la WhatsApp, na picha za waliokufa wakiwa wamevaa kofia za bluu, wakicheka, mmoja akiwa na sufuria mkononi.

Wazee wa Kagera hawana picha za namna hiyo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 anakaribia 70, na mgambo wengi walikuwa wakubwa kuliko hapo. Katika familia nyingi za wanaosoma makala hii yupo mmoja, babu au baba mdogo, ambaye amezoea kuulizwa aliua wangapi, naye amezoea kunyamaza. Muulize alikuwa akilala wapi. Muulize nani alipika, sajini wao walimwitaje alipogeuka, nani alimpa soksi. Akitaja jina, liandike na kijiji alikotoka mtu huyo, na kama bado yupo hai mtafutie namba yake ya simu, kisha uwaache wazungumze wao wawili.